Magharibi ikiadhiniwa, simu itoke mkononi mwa mtoto

Mhariri,

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kipimo mwaka wa 2019: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asipitishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Wazazi wengi wa Mombasa wameshalisikia hilo. Tunakosea wakati wa kuitumia hiyo saa. Nyumba nyingi humpa mtoto simu baada ya chakula cha jioni ili mama apate kuosha vyombo, na hakuna wakati mbaya kuliko huo.

Tupige hesabu. Mtoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) anayepitiwa na basi la shule saa kumi na mbili na robo huamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Umri wa miaka 3 hadi 5 huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, wa mchana ukiwemo. Ukimpa hizo 10 tu, saa moja na nusu usiku awe ameshalala. Mwangaza wa skrini huchelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi, kwa hivyo simu itoke saa nzima kabla. Hiyo ni saa kumi na mbili na nusu, yaani Magharibi. Jua letu husogea kidogo tu mwaka mzima, basi adhana inatosha kuwa kengele. Asiye Mwislamu naye huisikia.

Wataalamu husema mfungulie mtoto akaunti yake. Lakini nyumba nyingi simu ni moja, ya mama. Hapo fanya hivi: ukipata Wi-Fi, pakua video mbili tatu za dakika kumi kumi, na wakati wa kutazama zima data. Zikiisha zimeisha. Ugomvi mwingi huletwa na video inayojiwasha baada ya nyingine: mtoto haoni mwisho, na kila ukimpokonya unamkata katikati. Kama data lazima iwe hewani, ingia kwenye mipangilio uizuie video isijiwashe yenyewe. Simu za Android pia zina njia ya kubandika programu moja, mtoto asiweze kutoka humo bila namba ya siri. Ila usiibonyeze mbele yake. Watoto wa miaka minne huisoma kwa kutazama vidole vyako.

Video ya mwisho ikianza, mwambie ndiyo ya mwisho, na mkono uunyooshe ikiisha, si kabla. Kisha mpe kazi ya mikono hapo hapo: kumenya vitunguu saumu, kuchambua kunde, kupanga vijiko. Wakati wa kaskazi aoge maji baridi kwanza, maana chumba chenye joto nacho hukataza usingizi. Siku tatu nne za mwanzo atalia. Ukimrudishia simu baada ya dakika ishirini za kilio, umemtajia bei, na kesho atailipa.

Kumlisha mtoto kwa katuni ni balaa jingine. Anameza tu, hajui ameshiba.

Kwa macho, dawa iko alasiri. Mwanga wa mchana, kama saa mbili nje kila siku, hupunguza uwezekano wa mtoto kuja kushindwa kuona vitu vya mbali. Makadara, Tononoka, Mama Ngina, hata kibarazani Mji wa Kale panafaa. Anayetazama skrini hupepesa kope mara chache, macho yakakauka, ndiyo sababu huambiwa kila dakika 20 aangalie kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Mtoto mdogo hatakumbuka hayo. Zile video za dakika kumi ndizo zitakazomkumbusha: kila moja ikiisha, mtume dirishani akuambie nani anapita barabarani.

Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, ya baba pia.

Na mtoto anayekaza macho, au anayesogelea TV hadi mita moja ndipo aone, apelekwe kupimwa macho wiki hiyo hiyo. Huyo hata ukimnyima simu mwezi mzima, ubaoni bado hataona.

Mwalimu wa chekechea,
Majengo, Mombasa