Kopo la nyanya shingoni

Ndugu Mhariri,

Nilipita Dakar, Senegal, kwa biashara ya vitambaa, na kilichonikaa rohoni ni kopo la nyanya. Mtoto wa miaka kama saba, peku, anaombaomba barabarani, amelitundika shingoni kwa kamba. Ndani mna vipande vya sukari, wali mkavu na sarafu mbili za faranga. Sukari na wali ni vyake. Sarafu ni za mwalimu, na zikipungua hesabu, anachapwa.

Wenyeji huwaita talibé, yaani wanafunzi wa Kurani; baadhi huletwa kutoka Guinea-Bissau. Mimi pia nimesoma chuoni, nikala bakora na kumtekea maalimu maji, lakini jioni nilirudi kula kwa mama. Huyu anasoma saa ngapi, ikiwa tangu alfajiri yuko kwenye taa za barabarani?

Sheria ipo. Tangu 2005, anayewatumikisha watoto kuomba nchini Senegal anastahili kifungo cha miaka 2 hadi 5 na faini. Machi 2013 moto uliua watoto waliolala darasani mwao mtaa wa Medina, Dakar. Juni 2016 Rais Macky Sall akaagiza watoto waondolewe barabarani. Waliondolewa, na wengi wakarudishwa kwa walimu walewale!

Wapo walimu wasiomtuma mtoto kuomba, nao wanachafuliwa jina. Serikali iwakague wote. Nasi wapita njia, badala ya sarafu, tumpe mtoto mkate aule palepale.

Msomaji wenu,
Tanga