Jumapili, si Jumamosi: kukagua njia za baskeli mjini

Assalaam aleikum wanakikundi.

Safari yetu ya kukagua njia imesogezwa: ni Jumapili, si Jumamosi tena. Tukutane Maisara saa 1 asubuhi, tuingie Mji Mkongwe kabla jua halijawa kali.

Mnaouliza kwa nini tunarudi kule kule: mara iliyopita ramani ilituonesha kichochoro kimenyooka, tukafika tukakuta vidato vitatu na nguzo katikati. Mwenzetu wa baskeli ya magurudumu matatu ikabidi tumbebe, yeye na chombo chake. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayojazwa na watu wa kujitolea, pale palikuwa na mstari tu. Programu ya kupanga safari itajuaje vidato kama hakuna aliyeviandika?

Basi mkifika:
1. Hesabuni vidato, na muandike kama pana mteremko pembeni.
2. Penye nguzo, pimeni upana wa nafasi ya kupita kwa futikamba. Msikadirie kwa macho!
3. Lami, mawe, mchanga au udongo? Andikeni.

Pakueni StreetComplete, programu ya simu ya kujazia OpenStreetMap, pamoja na eneo la mjini leo usiku. Bando likikata, kazi inaendelea. Ni ya Android, wa aifoni njooni na daftari. Na tafadhalini, msiwapige picha watu waliokaa barazani.

Mchango ni shilingi 3,000, wa maji na urojo. Mpeni mshika fedha kabla ya Ijumaa usiku.

Andikeni NIPO au SIPO hapa kabla ya kesho Magharibi. Mwenye baskeli mbovu aseme mapema, nina pampu na viraka.