Tujiandikishe wenyewe, tusiandikishiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wenzangu wa huku Marekani, hasa ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, kuhusu sanduku la barua, na kujiandikisha katika huduma ya posta inayotuonyesha picha za barua zinazokuja.

Huku mambo mazito bado huja kwa karatasi. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakitaka kuhakiki upya familia, wanatuma barua yenye tarehe ya mwisho. Stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununua chakula, ni vivyo hivyo, na wito wa uhamiaji wa kupigwa alama za vidole, na grini kadi yenyewe, kadi ya ukaazi wa kudumu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo barua haiji mlangoni, hivyo ufunguo wa sanduku unaning'inia jikoni wiki nzima. Siku likifunguliwa limejaa matangazo ya piza, na barua ya tarehe ya mwisho imebanwa katikati yake, tarehe imeshapita.

Posta ya Marekani ina huduma ya bure iitwayo Informed Delivery, iliyoenea nchi nzima tangu 2017. Mashine za kuchambua barua hupiga picha za bahasha ili kusoma anwani. Picha hizo hizo hutumwa kwa barua pepe asubuhi, kabla mtu wa posta hajapita. Bibi asiyesoma Kiingereza anamwonyesha mjukuu simu: hii inatoka wapi? Barua iliyoonekana isipofika, unabonyeza kuwaarifu. Ila picha hukaa siku chache tu, magazeti na bahasha kubwa kwa kawaida hazionekani, na ya ndani hayaonekani kabisa. Sanduku lazima lifunguliwe.

Linaloniudhi ni namna tunavyoandikishwa. Msaidizi wa familia za wakimbizi, kwa nia njema, anafungua akaunti ya familia kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, "ili mambo yaende haraka". Mwaka mmoja baadaye amehamia kazi nyingine, na picha za bahasha za watu bado zinamfikia yeye. Familia yenyewe haina habari.

Si hofu ya bure. Mwaka 2018 Secret Service, idara ya serikali ya Marekani inayochunguza pia uhalifu wa fedha, ilitoa tahadhari kuhusu wezi waliojiandikisha kwa majina ya watu wengine, wakavizia siku ya kufika kadi ya benki, wakaiwahi sandukuni. Posta hutuma barua nyumbani kueleza kwamba akaunti imefunguliwa kwa anwani yako. Barua hiyo ndiyo tunayoitupa pamoja na piza.

Tena, huduma hii hufuata anwani, haifuati jina. Mkiishi familia mbili apatimenti moja, aliyejiandikisha anaona bahasha za wote. Kila mtu mzima anaweza kufungua akaunti yake. Anayekwama kuthibitishwa kwa simu aende posta na kitambulisho. Na ukihama, kubadili anwani posta hakuwafikii uhamiaji: hao wana fomu yao, na muda ni siku 10.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jumuiya na vijana wanaojitolea: kaeni na mzee, simu iwe mkononi mwake, nywila aichague yeye. Kama hana barua pepe, anzeni hapo. Na mliokwisha kuandikisha watu kwa barua pepe zenu, wapigieni wiki hii, akaunti hizo mzihamishie kwenye barua pepe zao wenyewe.

Msomaji wako,
Louisville, Kentucky