YAH: MALALAMIKO – MLITUUZIA BAHARI TUKAKUTA MCHANGA

Kwa meneja wa bukingi,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu naandika. Mara mbili za kwanza nilijibiwa na ile meseji inayojituma yenyewe kwamba "tumepokea ujumbe wako", sawa mmeupokea ila hamkuusoma, maana mngeusoma msingenitumia tangazo la ofa ya mwakani wiki iliyofuata. Kwahiyo leo naandika ndefu, mtanivumilia, na naomba asome mtu.

Mimi ni yule mteja wa watu sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu wa miaka 6, 9 na 13. Tulikaa kisiwani siku saba mwisho wa Desemba, wiki ileile ambayo kila mwenye mtoto shuleni anaitaka. Nilijua ni hai sizoni, msimu wa wageni wengi, na bei inapanda, hilo sikulalamikia na silalamikii leo. Nilibuku mwezi wa nne, yani miezi minane kabla, nikalipa nusu advansi siku hiyohiyo, mkaniambia wiki hiyo hamuuzi chini ya siku saba nikakubali, mkaniambia advansi hairudi nikakubali. Mama mkwe akasema pesa yote hiyo kwenda kutazama samaki ambao hata hamuwali. Nikamwambia subiri utaona. Haya, akaona.

Pakeji yetu ilikuwa na safari tatu za boti kwenda kusnokeli, yani kuelea uso ukiwa majini na miwani na mrija wa kupumulia kutazama samaki, siku ya pili, ya tatu na ya nne, zote kuondoka saa tatu asubuhi kurudi saa sita. Kusema ukweli hicho ndicho kilichotupeleka, bwawa la kuogelea tungelipata popote. Sasa mwezi ulipevuka siku ya pili. Mtu yeyote aliyekaa pwani kidogo anajua mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwenye kisiwa kile siku za bamvua maji yanakauka kabisa mida ya saa nne asubuhi. Sio jambo la kubahatisha hili jamani, jedwali la kujaa na kupwa linatolewa mwaka mzima mbele, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwahiyo siku ya tatu yakakauka karibu saa tano, siku ya nne saa sita kasoro. Mlichukua siku tatu za maji makubwa kuliko zote mkatuweka kwenye masaa yaleyale ambayo maji hayapo. Zote tatu! Hata mtu akiamua kukomoa hawezi kupatia namna ile.

Safari ya kwanza boti ikasimama mbali na mwamba wa matumbawe kwa kuogopa kukwaruza chini. Tukashuka, maji yakanifika magotini, mtoto wangu mdogo wa miaka 6 kiunoni. Sijui mnaelewa kusnokeli kwenye maji ya magoti ni kitu gani. Ni kulala kifudifudi huku tumbo linagusa matumbawe, na ukichoka huna pa kukanyaga ila juu ya matumbawe hayohayo, na yale sio mawe, ni viumbe hai, yapo yale makubwa ya mviringo yanayokua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Pembeni yangu kulikuwa na watu wa boti nyingine watano wamesimama juu ya moja kama wamepanda jukwaa, na mapezi yao ya kuogelea miguuni, wanarekebishana miwani. Wa kwangu wa miaka 9 akaparuza kisigino, na kidonda cha matumbawe mnakijua, vipande vinabaki ndani, tumerudi nyumbani nacho kikakaa wiki tatu.

Jioni ya siku hiyohiyo saa kumi nilikuwa nimekaa barazani. Maji yamejaa mpaka ngazi ya pili, yametulia, unaona mpaka chini, na boti yenu imefungwa pale mbele yangu imelala tu, hakuna safari. Nikamfuata nahodha nikamuuliza kwanini hamtupeleki saa hizi. Akacheka kidogo akasema, "Mama, saa inapangwa na ofisi, sisi tunafuata karatasi."

Huyo nahodha msimguse tafadhali. Ndiye mtu pekee aliyejaribu. Siku ya tatu akatupeleka kwenye mlango wa mwamba, lile pengo la kupitia kwenda bahari kuu, ambako angalau kuna kina, lakini maji bado yalikuwa yanatoka, na maji ya bamvua yakitoka yanapita pale kwenye mlango kama mto. Wa miaka 13 anaogelea vizuri, nimemlipia masomo ya kuogelea miaka minne, akapiga mapezi dakika nzima yuko palepale, kisha akaanza kurudi nyuma kuelekea bahari kuu. Nahodha akamrushia kamba. Mwongozaji mliyetupa alikuwa mmoja kwa watu 18 na wakati huo alikuwa upande wa pili anampiga picha mtu mwingine. Sina haja ya kuongeza chumvi hapo, nilikuwa nimeshika ukingo wa boti na mikono inatetemeka, basi.

Siku ya nne hatukwenda, nikasema watoto wachimbe mchanga.

Alaf kuna suala la miwani. Mwezi wa sita niliwaandikia nikawapa umri wa watoto wote na nikauliza kabisa, je mna miwani ya saizi ya watoto au ninunue nije nayo? Jibu lenu ninalo: "Usijali dada, vifaa vipo vya saizi zote." Tumefika kwenye boti, kuna kreti moja la plastiki, miwani yote ya watu wazima, mingine mpira wake umekakamaa mpaka una nyufa. Namna ya kupima miwani anaijua hata anayeanza, unaiweka usoni bila kamba unavuta pumzi kwa pua, ikiganda inakufaa, ikidondoka haikufai. Kwa mtoto wangu mdogo ilidondoka kabla hajamaliza kuvuta. Mwongozaji wenu akachukua kamba akaipiga fundo nyuma ya kichwa ili ibane, na kubana hakusaidii kitu, ndio kwanza mpira unajikunja na maji yanaingia zaidi. Mtoto akazamisha uso mara ya kwanza, maji yakajaa mpaka puani, akainuka anakohoa na duara jekundu kwenye paji la uso. Mara ya pili hivohivo. Mara ya tatu akanipa miwani akasema mama sitaki tena. Miezi minane nimemwonyesha picha za kasa, anajua mpaka kasa akilala anakaa chini ya maji muda gani, halafu neno la mwisho ni sitaki tena. Jaketi la kuokolea nalo lilikuwa la mtu mzima, likawa linampanda masikioni, ikabidi mume wangu alishikilie kwa chini muda wote.

Na hili la mafuta ya jua naomba mnijibu peke yake. Kwenye maelekezo yenu mmeandika kwa wino mwekundu kwamba mgeni aje na mafuta yasiyodhuru matumbawe, yasiyo na oksibenzoni, ile kemikali ya kukinga jua, na mkatukumbusha kwamba nchi ya visiwa ya Palau wameyapiga marufuku yenye kemikali hiyo tangu 2020 na Hawaii hawaruhusu kuyauza tangu 2021. Nikakubaliana nanyi, nikahangaika nikapata ya madini ya zinki yanayomwacha mtu mweupe kama kapakwa unga, tukapakana wote sita. Tumefika pale mwambani, maboya ya kufungia boti yote yana watu, nilihesabu boti 11, basi boti yenu ikatia nanga juu ya matumbawe. Niliiona nanga ikitua nikaona na vumbi jeupe likipanda. Mimi mnikague cream, nanyi mshushe chuma. Kama mnajua wiki ile kuna boti nyingi kuliko maboya, na mnajua maana ndio wiki mnayopandishia bei, kwanini wote mwondoke kwa wakati mmoja?

Nataka niwaambie kitu kuhusu hii hai sizoni yenu. Desemba watu wanajaa kwa sababu shule zimefungwa, bahari haijui kama shule zimefungwa. Nikilipa bei ya juu kuliko mwaka mzima sitegemei mnitulizie upepo, nategemea mtu mmoja ofisini afungue jedwali la maji aseme familia hii iko bamvua, safari zao ziwe jioni, au safari isogezwe mpaka siku ya saba, maji yakiwa yanakauka mchana sio asubuhi, na kuondoka kwao kisiwani kuwe kwa boti ya mchana. Kazi ya dakika tano. Mlikuwa na miezi minane.

Najua mtanionyesha kile kipengele cha masharti kwamba ratiba inaweza kuathiriwa na hali ya hewa na kampuni haitawajibika. Nimekisoma. Hali ya hewa ilikuwa nzuri siku zote saba, jua kali, upepo mdogo. Mwezi sio hali ya hewa.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie pesa za safari zote tatu kwa watu sita, kwa bei ya msimu mliyonitoza, sio bei ya kawaida. Ya mama mkwe ikiwemo, maana niliwaambia mapema yeye haingii majini atakaa kwenye boti tu na bado mlimtoza sawa na anayezama. Pia mnilipe gharama za dawa na bandeji za kidonda cha kisigino, risiti zipo. Vocha ya safari nyingine sitaki, msihangaike kunishawishi. Nawapa siku 14 kuanzia leo, baada ya hapo nakwenda kwa benki iliyotoa kadi kupinga malipo na nitapeleka na hizi karatasi zote.

Nimeambatanisha: barua pepe yenu ya mwezi wa sita, picha ya miwani yenye fundo, picha ya maji ya magoti saa nne asubuhi na nyingine ya palepale saa kumi jioni, na jedwali la maji la wiki ile ambalo nimelipata bure kwa intaneti.

Na ile ofa ya mwakani mliyonitumia nimeifungua nikaisoma. Kusnokeli, kila siku, saa tatu asubuhi.

Mteja wenu wa watu sita