Kabla hujashika usukani huku

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na shikamoo zangu ziwafikie baba na mama. Umeuliza kama leseni yako itakufaa ukifika ughaibuni. Itakufaa, ila kwa muda, na kazi kubwa inaanzia huko huko kabla hujapanda ndege.

Leseni ya kimataifa huombwa katika nchi iliyokupa leseni yako. Ukishaondoka, kuipata ni tabu. Kijitabu hicho ni tafsiri tu ya leseni, peke yake hakina nguvu, kwa hiyo tembea navyo vyote viwili. Kipo cha mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949, kinachodumu mwaka 1, na cha mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kufika miaka 3. Ulizia nchi unayokwenda inakubali kipi. Halafu chunga tarehe: nchi nyingi humruhusu mgeni kuendesha kwa leseni ya kwao kwa kipindi maalumu, na mara nyingi kinahesabiwa tangu siku alipoandikishwa kuwa mkazi. Kikipita, ukagonga, bima inaweza kukataa kulipa, na hasara yote ikawa yako.

Nchi nyingine zitakubadilishia leseni bila mtihani, nyingine zitakurudisha darasani. Usione vibaya. Dereva mzoefu huangushwa na mambo ambayo mwenyewe hayaoni tena: mkono mmoja kwenye usukani, gari kutambaa kwenye alama ya kusimama badala ya magurudumu kutulia kabisa, kuhama njia kwa kutegemea kioo tu. Ubavuni, nyuma kidogo ya bega lako, kuna sehemu ambayo pikipiki nzima inapotea na vioo vyote haviioni. Kwa hiyo anza na kioo cha ndani, kisha cha pembeni, weka indiketa, geuza shingo uangalie begani, ndipo usogee. Geuza kichwa waziwazi, maana mtahini hawezi kukupa alama kwa asichokiona.

Kama umezoea usukani wa kulia na huku ukakuta uko kushoto, miguu isikutie wasiwasi: klachi bado iko kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Mkono wa gia ndio unaobadilika, na mara nyingi indiketa na waipa zimebadilishana upande, ndiyo maana mgeni akitaka kukata kona utaona waipa zinafuta kioo kikavu. Gari nalo litavutika kuelekea ukingo wa upande wa abiria, kwa kuwa macho yamezoea kukaa upande mwingine. Tazama mbali mbele, litanyooka. Kipimo cha haraka ni kwamba dereva awe upande wa mstari wa katikati. Foleni haitakupoteza, kwani kuna magari ya kufuata. Hatari ni barabara tupu ya alfajiri, hasa ukitoka kituo cha mafuta: hapo mkono unafuata mazoea bila kukuuliza.

Jifunze kwa gari la gia za mkono ukiweza, kwa sababu katika nchi nyingi aliyefaulu kwa otomatiki haruhusiwi kuliendesha. Wengi wanahangaika na klachi, na tatizo ni mwendo wa mguu tu. Kisigino kikae sakafuni. Achia polepole mpaka usikie mtetemo mdogo unapanda kwenye nyayo na mlio wa injini unashuka. Zuia mguu hapo hapo, hesabu mbili, ongeza mafuta kidogo, ndipo umalizie kuachia. Ukiiruka hatua hiyo, injini inabebeshwa uzito wote wa gari ghafla wakati bado inazunguka taratibu, na inazima.

Mwendo nao uuheshimu. Kwa kilomita 50 kwa saa, katika sekunde 1 ya kushtuka gari linakwenda mita 14 kabla hujagusa breki, na breki zinahitaji nyingine kama 14 kwenye lami kavu. Ukifika 100, za kushtuka zinakuwa 28 na za breki zinakaribia 55. Kwenye mvua ongeza nafasi, na kwenye barafu umbali wa breki unaweza kufika mara kumi.

Nakusisitizia haya kwa sababu najua leseni inamfungulia nini mtu aliye mbali na kwao. Kazi ya zamu ya saa kumi alfajiri, kabla basi la kwanza halijatoka, inakuwa kazi unayoweza kuiomba. Mtoto akipandwa na homa usiku, hungoji mtu akuonee huruma. Na siku ya mapumziko unakwenda ambako basi halifiki kabisa.

Safari ya kwanza peke yako iwe asubuhi ya siku ya mapumziko, njia unayoijua, ramani ya simu ukiwa umeipanga kabla ya kuwasha gari. Ukipitiliza kona, usirudi nyuma wala usikate ghafla. Endelea mbele, ramani itakutafutia njia nyingine.

Piga picha leseni yako pande zote mbili leo, unitumie. Wasalimie wote nyumbani.

Kaka yako