Lewis Latimer hakuvumbua balbu, na hilo halimpunguzii kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye jina lake huzunguka katika simu zetu kila ifikapo Februari, mwezi ambao Wamarekani wameutenga kwa ajili ya historia ya watu weusi. Mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja katika darasa la ufungaji umeme wa majumbani alinionyesha ujumbe uliodai kwamba Latimer ndiye aliyevumbua taa ya umeme na kwamba Thomas Edison alimwibia. Kijana alikuwa amekasirika kwelikweli, na nilipomwambia kuwa habari hiyo si sahihi, niliona usoni mwake kwamba tayari amenihesabu upande wa wezi.

Sikumlaumu. Vitabu tulivyosomeshwa sisi wa umri wangu vilimtaja Edison peke yake, kana kwamba alijifungia chumbani jioni na asubuhi akatoka na taa mkononi, na anayegundua ukubwani kwamba amefichwa jambo huwa yu tayari kuamini lolote. Hata hivyo, anayetaka kumtendea haki Latimer hana budi kueleza kazi aliyoifanya hasa.

Edison alipewa hataza ya balbu yake, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, Januari 1880, na Joseph Swan wa Uingereza alikuwa amefika karibu na hapo kwa njia yake mwenyewe. Usumbufu uliobaki ulikuwa katika filamenti, ule uzi mwembamba unaowaka ndani ya kioo, ambao siku hizo ulikuwa wa kaboni. Vilikatwa vipande vyembamba vya karatasi au vya nyuzi za mimea, kisha vikaunguzwa katika joto kali pasipo hewa, kwa kanuni ileile ya tanuri letu la mkaa. Aliyewahi kufukua tanuri anajua kwamba gogo halitoki kama lilivyoingia: hunywea, hupinda na kupasuka. Kwa mpika mkaa hilo si neno, kwa kuwa mkaa uliopasuka unauzika vilevile, lakini kipande chembamba kama unywele kikipinda hakifai tena kwa taa. Latimer alibuni njia ya kuvifunga vipande hivyo ndani ya bahasha za kadibodi ambazo hunywea motoni sambamba navyo, vikatoka na umbo lilelile vilivyoingia nalo. Hataza ya njia hiyo ilitolewa tarehe 17 Januari 1882. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 1881, yeye na Joseph Nichols walikuwa wamepata nyingine, iliyohusu taa yenyewe na namna ya kuiunganisha kaboni na nyaya zake.

Wakati akifanya haya yote, Latimer hakuwa mtumishi wa Edison. Alikuwa katika kampuni ya Hiram Maxim, mshindani wa Edison, na upande wa Edison alihamia mwaka 1884, ambako alichora michoro na kusimama mahakamani kama shahidi mtaalamu katika kesi za hataza. Habari ya kuibiwa inaangukia hapo. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kueleza mfumo wa taa hizo, na ningependa kila mwanafunzi wangu ajue kwamba kitabu cha mapema namna hiyo kuhusu fani yetu kiliandikwa na mtoto wa watu waliotoroka utumwa huko Virginia mwaka 1842.

Shule hakuipata ya kutosha. Aliajiriwa kama tarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza mjini Boston kwa dola 3 kwa wiki, akanunua vifaa vya kuchorea vilivyokwisha kutumika, akawa anawachungulia wachoraji wakiwa kazini hadi naye akawa mkuu wao. Mchoro wa hataza ya simu ya Alexander Graham Bell, ya mwaka 1876, umepitia mikononi mwake. Baadaye alipotumwa Montreal kusimamia ufungaji wa taa, alikuta vibarua wengi wanazungumza Kifaransa, akaandikiwa maagizo ya kazi katika lugha hiyo na kuyakariri. Mimi niliyewahi kusimamia vibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo namvulia kofia kwa hilo kuliko hata kwa hataza.

Wapo na wengine. Granville Woods alipata hataza kadhaa kuhusu namna ya kuzipatia umeme tramu na treni zikiwa katika mwendo. Karibu na zama zetu, Hazel O'Leary alikuwa Waziri wa Nishati wa Marekani kuanzia 1993 hadi 1997, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kushika wizara hiyo, na ndiye aliyeamuru yafunguliwe majalada ya siri kuhusu majaribio ya mionzi waliyofanyiwa binadamu. Katika miaka hiyohiyo mwanafizikia Shirley Ann Jackson aliongoza tume inayodhibiti vinu vya nyuklia nchini humo. Sijaona hata mmoja kati ya wanawake hao katika jumbe za Februari. Nadhani ni kwa sababu hakuna wa kusemwa kuwa aliwaibia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako likiandika tena habari za Latimer katika ukurasa wa sayansi, lichapishe na ule mchoro wa hataza ya mwaka 1882. Vijana wangu wa mwaka wa pili wanasoma michoro ya kiufundi bila kusaidiwa, na nitaubandika ukutani karibu na ubao wa swichi.

Mwalimu wa ufundi umeme,
Morogoro