Anayedai ada ya usaili hana kazi

Mhariri,

Mdogo wangu hapa Arua alituma shilingi 50,000 kwa simu, eti ada ya usaili, baada ya kuona mtandaoni tangazo la kazi ya ukarani Kampala. Usaili haukuwapo, namba ikazimwa. Inauma, maana mama aliuza mihogo kupata pesa hiyo.

Vijana wenzangu, tovuti kama BrighterMonday zinasaidia, lakini mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji. Kwa kazi za Uarabuni, hakikisheni wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Tena msiishie kwenye simu: mimi kazi ya stoo niliipata kwa kubisha hodi, barua mkononi, duka la nne.

Polisi nao wazifuatilie namba hizo. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa.

Msomaji wenu,
Arua